Dhahabu ya Gwamaka, Hisa za Shemeji

Siku tulipomzika baba mkwe wangu, Lusajo, mwanawe wa kwanza, alisimama barabarani pamoja na vijana wa bodaboda na wapita njia, na mimi ndiye niliyemweka pale. Nalisema hilo mapema ili msomaji mwenye moyo laini ajue anasoma habari za mtu gani. Wazee wa ukoo walikuja kuniomba nitamke neno moja tu, Lusajo aingie uani amuage baba yake. Mchungaji naye alikuja, akaketi kwenye kiti changu cha plastiki, akanywa chai yangu, akanieleza habari za kusamehe. Nilimsikiliza kwa adabu, nikamwongezea chai, nikakataa. Nilipokuwa namwangalia Lusajo kupitia migomba, mzee sasa, suti imemlegea mabegani, mikono hajui aiweke wapi, nilikumbuka mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka niliofiwa na mume kisha nikanyang'anywa kile alichoniachia. Miaka mingine nimeisahau nusu nusu. Ule ninao wote, na harufu zake na sauti zake.

Nilikuwa msichana wa Masukulu niliyeolewa Kyimo, na mwanangu Atupele alikuwa bado ananyonya. Mume wangu, Gwamaka, alikuwa mchimbaji mdogo kule Chunya. Kila aliporudi alibeba mawe kutoka mtoni akaendeleza msingi wa nyumba yetu pembeni mwa shamba la chai, na alipopumzika alikaa juu ya msingi huo akinionyesha kwa kidole wapi patakuwa sebule, wapi kitalala kitanda. Mvua zilipoanza mwaka ule, shimo lilimfunika. Wenzake walileta mwili wake, na siku ya matanga mmoja wao alisimama mbele ya watu wote, akafungua kitambaa, akatoa kitonge cha dhahabu kama ncha ya kidole gumba. Akasema hii ni sehemu ya Gwamaka na hakuna aliyeimega. Walikuwa watu wenye njaa zao, viatu vimewatoboka, na walisafiri na kitu kile njia nzima. Huwa nawakumbuka kila ninaposikia watu wakisifu udugu wa damu. Baba mkwe alikipokea kile kitonge, akatangaza kwamba ni mali ya mjane na mtoto, kwamba yeye atakitunza tu ndani, na kwamba hakitafanyiwa lolote bila neno langu. Waliohudhuria waliitikia. Kilitosha kununua mabati na mbao, na mimi nilichokitaka duniani wakati ule kilikuwa kupandisha kuta juu ya msingi wa Gwamaka na kumlea mwanangu humo.

Tatizo likawa hilo neno langu, litamfikiaje. Kwetu mke wa mtoto hamkabili baba mkwe. Humtazami usoni, hulitaji jina lake, ukisikia kikohozi chake njiani unaingia migombani, unajifunika khanga mpaka apite. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshalegeza, hasa za walimu na za watu wa mjini Tukuyu. Ya kwetu haikulegeza, na mama yangu alinionya kabla sijaolewa kwamba mwanamke anayevunja mwiko huo huwaletea watoto wake maradhi. Nilimjua baba mkwe kwa kikohozi chake, kwa mwavuli wake mweusi, na kwa kisigino kimoja kilichopasuka ambacho nilikiona nikiwa nimeinama. Hata picha yake ya ukutani niliikwepa. Chakula chake nilipika mimi, kikapelekwa na mtu mwingine. Maneno yangu vilevile yalipelekwa na mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, wifi yangu Lugano alikuwa ameolewa mbali, Mbozi huko, kwa hiyo mtu mwingine huyo akawa Lusajo, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa ameacha kazi yake Mbeya kwa muda, alivyosema, ili atulie na sisi kwenye msiba. Wote tulimshukuru.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba kazi yenyewe ilikuwa kuitafutia wanunuzi wa hisa kampuni moja ya uchimbaji, na kwamba kila mtu aliyemleta alimpatia chake. Lakini wakati ule nilimwona tu shemeji aliyevaa shati la mikono mirefu, anayesema taratibu, anayejua kuosha mikono kabla hajaambiwa. Jiko langu lilikuwa limeshikana na sebule kwa ukuta wa mianzi uliokandikwa udongo, na karibu na meko udongo ulikuwa umebanduka, kwa hiyo niliyasikia mazungumzo yao yote ya mezani. Siku hiyo nilikuwa nimepika mbalaga, zile ndizi zetu tunazochanganya na maharage, na maziwa ya mgando pembeni. Nilisikia kijiko cha Lusajo kikigonga bakuli, kisha nikamsikia anaanza. Alimwambia baba yake kwamba dhahabu iliyofichwa ni ng'ombe maksai, ipo, inang'aa, haizai. Hisa ni jike. Kila mwaka linakuletea ndama, na ndama huyo anaitwa gawio. Baba mkwe akakohoa, akauliza hilo jike linalala zizi la nani. Lusajo akacheka, akasema linalala kwa kampuni. Baba akauliza tena, na nani analikamua. Lusajo akasema wataalamu, watu wenye mashine, siyo hawa wenzetu wa sururu na kamba.

"Kwa nini tukae na punje, baba," alisema, "wakati tunaweza kumiliki shimo lenyewe?"

Niliacha kukoroga. Nilikuwa nimetoka kumzika mtu aliyefukuliwa shimoni, kucha zimejaa udongo mwekundu, na huyu kaka yake alikuwa anatuuzia shimo kama kiwanja cha kujengea. Nilisogeza sikio ukutani ili nisikie baba atamjibu nini. Hapo mvua ikashuka. Anayeijua mvua ya Rungwe juu ya bati anajua kwamba mtu aliyekaa na wewe mkeka mmoja humsikii. Nilikaa pale na mwiko mkononi, Atupele analia mgongoni, na jibu la baba mkwe wangu likaniponyoka.

Mvua ilipopungua, Lusajo alikuja kusimama mlangoni kwa jiko. Aliniambia kwa sauti ya huruma kwamba baba ameamua kitonge kiuzwe, tununue hisa kwa jina la mtoto, ila kwa kuwa alitamka mbele ya watu anataka kusikia kauli yangu, basi, kwa heshima tu. Nilimjibu kwamba sitaki kubishana na baba, lakini naomba dhahabu ibaki kama ilivyo. Ndicho kitu pekee alichokishika Gwamaka ambacho mimi pia naweza kukishika. Nitaiuza kidogo kidogo nijenge. Lusajo akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akaingia sebuleni. Nilisikia mnong'ono, siyo maneno. Akarudi, akaniambia baba amenisikia, lakini kuuza ndilo neno lake la mwisho. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mjane, ninayekula na kulala kwenye uwanja wa watu. Nikasema kama ni neno la baba, mimi sina neno. Nikaendelea kuosha masufuria.

Hisa zilinunuliwa. Kampuni iliita wanahisa wa Rungwe kwenye ukumbi mmoja pale Tukuyu, tukapewa pilau na soda, na vijana waliovaa kofia za plastiki za njano wakatuonyesha picha za mitambo mikubwa kuliko nyumba. Tulipewa karatasi nzuri yenye muhuri na nembo ya sururu. Mama mmoja wa Kisondela, jirani yangu kwenye benchi, aliigeuza geuza yake, akaniuliza kama ikilowa mvua mali inaharibika. Watu walimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa najiuliza swali hilo hilo. Miezi michache Lusajo alikuwa anapita Kyimo akituambia hisa imepanda, imepanda tena, na baba mkwe anamchinjia kuku, kuku ambao niliwafuga mimi. Kisha akaanza kuja mara chache. Kisha akawa haji.

Nilikwenda Mbeya mwenyewe, na mtoto mgongoni, kuitafuta ofisi. Nilikuta saluni. Wanawake wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele mahali ambapo nilikuwa nimeambiwa ndipo dhahabu ya mume wangu inazaa. Kijana mmoja aliyewahi kuajiriwa na kampuni, ambaye sasa alikuwa anauza vocha za simu pale nje, alinihurumia akanieleza. Dhahabu bado ipo ardhini, alisema, haijaenda popote. Lakini kampuni ilikuwa na madeni. Ikatoa hisa nyingine nyingi ili ilipe madeni, kwa hiyo kipande changu kikawa chembe. Na kinapopatikana chochote, wanaanza kula wenye mikopo, halafu wenye mitambo, halafu wauza dizeli, halafu mishahara ya wakubwa. Mwenye hisa hula mwisho, alisema, kama kimebaki. Niliielewa hesabu hiyo upesi kuliko alivyotegemea, kwa sababu mimi mwenyewe kule nyumbani nilikuwa nakula mwisho.

Kilichonichoma zaidi ni redio. Mwaka ule ule ambao hisa zetu zilikufa, mtangazaji alikuwa anasoma kwamba dhahabu imepanda bei duniani. Ilipanda, na mimi nachuma chai ya watu. Ilipanda, na msingi wa Gwamaka unaota majani, mbuzi wa jirani wanalala juu yake. Kitu chenyewe kilikuwa kimepata thamani, na ile karatasi iliyosema nina sehemu ya kitu hicho haikufaa hata kufungia sukari. Nilikaa jikoni kwa watu miaka mingi baada ya hapo. Mwanangu alijifunza kusoma kwa mwanga wa meko, na moshi ukamharibu macho, anavaa miwani mpaka leo. Kila akiivua kuifuta, namkumbuka Lusajo.

Sisemi dhahabu ni malaika. Haizai, Lusajo alisema kweli katika hilo. Inaibwa, inaua, ilimuua mume wangu. Atupele, ambaye sasa ni mhasibu Dodoma, ananiambia zipo kampuni za haki na wapo watu waliosomesha watoto kwa gawio. Nakubali. Lakini mimi nimeshafahamu hisa ni nini. Hisa ni mtu aliyesimama mlangoni kati yako na mali yako, akikuletea habari. Ukibahatika ni mwaminifu. Parachichi nilizopanda baadaye ziliponipa fedha, nilijenga nyumba yangu, ingawa chakula cha mzee niliendelea kukipika kwenye jiko lile la zamani, na kilichozidi nilikipeleka kwa sonara wa Mbeya, nikanunua bangili za dhahabu, moja moja, msimu kwa msimu. Nazivaa, nazipima kwa kiganja, nalala nazo. Hakuna anayeniletea habari zake.

Na bangili ndiyo iliyofumua kila kitu. Miaka yote ile niliamini kwamba baba mkwe ndiye aliyeamua, na nilimwekea kinyongo kimya kimya, nikampikia kwa wajibu tu, na nilipomwinamia njiani moyo wangu haukuinama. Mwaka jana alilala kitandani moja kwa moja, na wifi Lugano, aliyekuwa ameshafiwa na mumewe, akarudi Kyimo kumuuguza. Siku moja Lugano alimsimulia, katika kupiga soga tu, kwamba nimerudi kutoka Mbeya na bangili nyingine ya dhahabu. Mzee akashangaa. Lugano akaja jikoni, ananicheka, akaniambia baba anauliza kama siku hizi dhahabu hainiumizi tena. Nikamuuliza inaniumiza vipi. Akasema, "Si ulimwambia Lusajo hutaki kuiona, inakukumbusha kifo cha kaka? Baba anasema yeye alitaka uitunze ujengee, lakini ulimtuma Lusajo aje aombe iuzwe, akaona asikulazimishe."

Nilikaa chini kwenye majivu. Yule mzee alikuwa amesema ibaki. Mimi nilikuwa nimesema ibaki. Tulikuwa tumesema neno moja, ukuta mmoja kati yetu, na Lusajo akalipokea pande zote mbili akaligeuza. Wapo wanaomtetea, wanasema naye aliweka fedha zake kwenye kampuni ile zikapotea, naye alidanganywa. Sawa. Kampuni ilimdanganya kuhusu hisa. Kuhusu maneno yangu hakuna aliyemdanganya. Lugano aliponiona vile alitaka ampigie simu kaka yake hapo hapo amtukane. Nilimzuia. Nilimwambia tusubiri Pasaka, aje mwenyewe.

Alikuja na mkewe, wamebeba mkate na soda. Nilipika siku ile kama sijawahi kupika: wali wa Kyela, nyama ya ng'ombe, mbalaga, mboga za maboga zilizoungwa kwa karanga. Nilitaka ale. Nilimsikiliza kupitia ukutani akishiba, akisifu mchuzi, akimweleza baba yake habari za foleni barabarani, na kila alivyosifu ndivyo nilivyotulia. Walipomaliza kunawa nilimwita mlangoni kwa jiko.

"Shemeji," nilimwambia, "nina neno kwa baba. Nipelekee, kama zamani."

Alisema Lugano yupo, si ampelekee yeye. Lugano akajibu kutoka sebuleni kwamba yeye anamkanda baba miguu. Lusajo akacheka kidogo, akasema haya, lete.

"Mwambie baba hivi. Mwaka aliokufa Gwamaka, sikuomba dhahabu iuzwe. Niliomba ibaki, nijengee nyumba."

Tabasamu lilimganda. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinitazama kama anayemtazama mtu anayejua kusema. Aliingia sebuleni. Nikamsikia anasema, "Baba, Tusekile anakusalimia, anakumbuka mambo ya zamani." Lugano akamkata, akamwambia kaka, hakusema hivyo. Lusajo akarudi mlangoni. Nikalirudia neno langu pole pole, kama unavyomsomea mtoto imla, na nikaongeza kwamba sikuwahi kusema dhahabu inaniumiza kuiona. Alirudi ndani. Safari hii alilisema. Alilisema lote, mbele ya baba yake, mkewe na dada yake, sauti imemkauka. Nikamsikia mzee akimuuliza kwa Kinyakyusa, polepole, "Na wewe uliniambia nini?" Hakukuwa na mvua siku hiyo. Nilikisikia kimya chake chote.

Kisha mzee akasema mengi kwa sauti ya chini, na Lusajo akaja tena mlangoni. Macho yalikuwa mekundu. Angeweza kuondoka, gari lilikuwa pale nje, lakini baba yake alikuwa amemtuma kwa mkwewe, na kwetu aliyetumwa kwa mkwe hawezi kukaa na neno tumboni.

"Baba amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema yeye pia hakusema iuzwe. Amesema siku yake ikifika, mkono wangu usiguse udongo wake, na nisiingie uani. Amesema anayeweza kulifuta neno hilo ni wewe peke yako." Akaongeza taratibu, "Shem, unalifuta?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniletea neno la baba mkwe wangu bila kulipunguza. Nilifuta mikono kwenye khanga.

"Nenda ukamwambie baba, ndaga fijo," nilisema. Asante sana, kwa lugha yetu. Naye akaenda, akamwambia.

Ndiyo maana alisimama barabarani. Wanaoniuliza kama nilifurahi nawajibu kwamba nilifurahi, na bado nafurahi, na sitamfanyia Mungu unafiki juu ya hilo. Siku ya maziko, wanaukoo walipopanga mstari kuuaga mwili, wazee walisema mwiko wa mkwe unakwisha hapo, nami nipite. Nilikwenda mpaka kwenye jeneza nikiwa nimeinamisha kichwa kwa mazoea, na Lugano akanishika mkono akaniambia, inua macho, Tusekile, mwangalie. Nikainua. Alikuwa Gwamaka. Pua ile ile, kidevu kile kile, nyusi zile zile zilizokutana, ila zimekuwa nyeupe. Alikuwa Gwamaka aliyefika uzeeni, ambaye nilimpikia miaka yote hiyo nikimchukia, upande wa pili wa ukuta. Nilimwangalia mpaka mstari ukasimama nyuma yangu na watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja wa ukoo akaniinamia sikioni, akaniambia bado nafasi ipo, Lusajo yuko pale barabarani, analia, niseme tu aje amwone baba yake. Nikamwambia tufunike jeneza.